Wimbo wa Sauti Tatu

Litein,
14 Februari 1993

Mpwa wangu Kipkurui,

Kosa la watu wengi waliowahi kutunga nyimbo kisha wakaacha ni hili: wanaketi kungoja hamu irudi. Wanadhani hamu ni mgeni anayeijua njia ya kwao, na kwamba siku moja atabisha hodi mwenyewe. Nimefundisha muziki miaka thelathini na mmoja na sijamwona akibisha. Hamu huja kazi ikishaanza, si kabla, na mara nyingi huja kwa sababu yuko mtu fulani anayeungoja wimbo huo. Nimetanguliza jambo hili ili usije ukasema nimelificha chini ya salamu.

Sasa salamu. Sisi hatujambo. Mke wangu Joan aling'olewa jino wiki jana na bado anazungumza kwa upande mmoja, lakini hilo halijapunguza maneno. Binti yetu Cheptoo amepata shule ya kufundisha karibu na Bomet na anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mvua ya mawe ilipiga chai yetu ya upande wa mto. Majani yametoboka kama chujio, na itakuwa majuma sita au saba kabla hatujachuma tena huko. Mama yako alipita hapa Jumapili. Hakukutaja, na dada yangu namjua: asipomtaja mtu ndipo anapomwaza zaidi. Wasalimie mkeo Chepkemboi na mtoto. Goti langu limekataa safari za gari, ndiyo maana naandika.

Jambo lenyewe ni hili. Tarehe 11 Julai makanisa ya upande wetu na ya upande wa Kisii yataabudu pamoja katika lile kanisa dogo la mpakani. Unajua tulikotoka. Tangu nyumba zichomwe mwaka jana, watu wameanza kurudi sokoni, lakini wanauza wakiwa wametazama upande mmoja, na saa tisa kila mtu ameshafunga mzigo. Kamati ya ibada inaongozwa na mimi na Mchungaji Makori wa upande wa pili. Tumekubaliana kwaya mbili zichanganywe, zisimame mstari mmoja, ziimbe wimbo mmoja wa Kiswahili ili asiwepo mwenye lugha na mgeni wa lugha.

Nilipendekeza wimbo wako, "Mvua ya Alasiri". Walioisikia kaseti yenu waliukubali mara moja. Nataka sauti zote nne, zimeandikwa kwa do-re-mi, katika karatasi moja. Ulipokuja kuifundisha kwaya yangu mwaka wa tisini na moja uliigawia kila sauti kikaratasi chake na baada ya zoezi ukavikusanya vyote. Nilidhani ni utaratibu tu. Safari hii nahitaji wimbo mzima.

Na ukiwa na wimbo mpya, nitumie. Hujanitumia wowote tangu Desemba ya mwaka juzi.

Mjomba wako,
Robert Kipkosgei


Kericho,
21 Machi 1993

Kwa Mjomba,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi ni wazima. Mtoto ameanza kutembea na sasa hakuna kitu kinachokaa juu ya meza. Chepkemboi anamsalimu Anti Joan na kumpa pole kwa jino.

Nisamehe kwa kuchelewa. Mwezi huu majani yamekuwa mengi, na sisi makarani wa mizani tunaanza kazi kabla ukungu haujainuka. Wachumaji wanapanga foleni hadi kwenye barabara, na kila mmoja anaamini kikapu chake ndicho kizito kuliko mizani inavyosema. Mtu akifika nyumbani hana hata nguvu ya kushika kalamu.

Nimeambatisha "Mvua ya Alasiri". Utaona kuna soprano, alto na besi. Karatasi ya teno ilipotea tulipohamishwa nyumba hapa kwenye kambi ya wafanyakazi. Nimeitafuta. Kwa mwalimu kama wewe si kazi kubwa kuwatungia teno nyingine; ukishakuwa na sauti tatu, ya nne unaijua inapopaswa kukaa.

Wimbo mpya sina. Mambo ni mengi.

Wako mtiifu,
Kipkurui


Litein,
4 Aprili 1993

Mpwa wangu,

Nimefurahi mtoto anatembea. Fungeni mlango wa jikoni. Huku tumeanza kuchuma ule upande ulioharibiwa na mvua ya mawe. Majani mapya ni membamba lakini yamerudi. Joan amepona na amerudia kuzungumza kwa pande zote mbili.

Nilifanya ulivyosema. Kaseti yangu iliharibika zamani, na waimbaji wangu wa mwaka ule wameisahau teno, kwa hiyo niliketi siku tatu nikitunga nyingine. Nitakueleza nilichoona, kwa sababu kinafundisha. Besi yako inatembea kwa hatua fupi, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Soprano inapanda na kukaa juu. Kati yao pana nafasi kubwa, na kila nilichokitia pale kilikuwa sahihi lakini kimekufa. Kiliwafuata wengine kama mtu aliyechelewa mazishini. Hapo nikaelewa kwamba soprano na besi zilitungwa zikiisikiliza sauti ambayo mimi siisikii. Teno haikuongezwa mwishoni, Kipkurui. Wimbo umejengwa juu yake.

Jumamosi tulikutana mpakani, watu sita wa huku na sita wa kule, tugawane sauti. Kulikuwa na baridi ya maneno. Watu waliulizana habari za ng'ombe kwa heshima kubwa mno. Wa kule alikuwepo mama mmoja anaitwa Nyabate, anaongoza alto yao, mtu wa miraba minne, hana haya na mtu. Nilimpa karatasi. Aliitazama, akaigeuza nyuma, akaitazama tena.

"Mwalimu," akasema, "nyumba hii ina watu watatu. Wa nne mlimfukuza?"

Hakuna aliyecheka. Mchungaji Makori alitazama dari. Mzee wetu mmoja alishika fimbo yake vizuri zaidi. Nikasema karatasi ya teno imepotea. Nyabate akasema haijapotea, yeye anaijua, na akaimba pale pale, bila kusimama, kwa sauti yake nzito ya alto. Ilikuwa ile ile ya kwenye kaseti, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisha akasema, "Huyu wa nne anakaa kwetu. Yuko kwenye kisiagi cha Nyamwange, anasaga mahindi."

Sikumwuliza amejifunza kwa nani. Nakuuliza wewe. Omosa, yule mtu wa kuwasha boila ya mvuke aliyekuwa akiimba nawe kiwandani, aliondoka lini, na mliachana vipi?

Mjomba wako,
Robert Kipkosgei


Kericho,
30 Mei 1993

Mjomba,

Sisi wazima, natumaini nanyi pia.

Nilipata barua yako ya Aprili, na ile kadi uliyotuma Mei. Naomba mchague wimbo mwingine. Vitabuni ziko nyimbo nzuri za kutosha, tena zinazojulikana na pande zote. "Mvua ya Alasiri" ni wa zamani na haufai kwa siku kama hiyo.

Kuhusu Omosa, watu wengi waliondoka hapa mwaka jana. Siwezi kujua habari za kila mmoja.

Kipkurui


Litein,
6 Juni 1993

Mpwa wangu,

Hapa kwetu hatujambo, isipokuwa mama yako ana homa. Si kali, usiogope. Cheptoo anampelekea uji.

Barua yako ya mistari michache nimeisoma mara nyingi kuliko zote ulizowahi kuniandikia. Kubadilisha wimbo hatuwezi tena, na nitakueleza kwa nini, ili usidhani ni ukaidi wa mwalimu mstaafu.

Katibu wetu alipiga chapa utaratibu wa ibada na kuusambaza kabla sijauona. Umeandikwa: "Mvua ya Alasiri, mtunzi Kipkurui." Karatasi hizo zilifika upande wa pili siku ya soko. Jumatano Mchungaji Makori alikuja kwangu kwa miguu. Alikunywa chai kikombe kizima kabla hajasema kitu. Kisha akaniambia kwamba kwaya yao haitakuja jina hilo likikaa peke yake. Alisema hilo tu angeweza kulituliza, lakini sokoni pameshaanza maneno, na alinipa maneno hayo kama alivyoyasikia: "Walichukua nyumba, sasa wanachukua nyimbo."

Unaona jinsi lilivyofika. Vijana wa huku nao wameanza kuuliza ni nani anayemwita mtu wetu mwizi. Kwaya yao isipokuja, wazee wao hawatakuja. Wazee wao wasipokuja, wa kwetu hawatakaa peke yao ndani ya kanisa la mpakani wakingoja. Na tarehe 12 sokoni watu watauza wakiwa wamepeana migongo.

Nina langu la kusema pia, na si rahisi kwa mtu wa umri wangu. Nilijua. Siku nilipoisikia kaseti yenu kwa mara ya kwanza nilijua. Mimi ndiye niliyekufundisha kuandika muziki, na mkono wako naujua: unapenda kufunga, kila mstari unaurudisha nyumbani. Teno ile hairudi nyumbani hadi neno la mwisho. Haikuwa yako. Lakini nilikuwa nimesimama kanisani mbele ya watu mia mbili nikasema, "Huyu ni mtoto wa dada yangu," na nilipenda kuwa mjomba wa mtunzi. Nikanyamaza. Kwa hiyo huandikiwi na mtu msafi. Unaandikiwa na mtu aliyekushikia ngazi ulipokuwa ukipanda mahali pasipo pako.

Mjomba hapaswi kumtisha mtoto wa dada yake, nawe unajua neno la mjomba lina uzito gani kwa watu wetu. Sitalitumia. Nakuomba tu uniandikie mambo yalivyokuwa, na haraka. Zimebaki siku thelathini na tano.

Mjomba wako,
Robert


Kericho,
19 Juni 1993

Mjomba wangu mpendwa,

Chepkemboi anasalimu. Mwambie mama nitakuja kumwona mwisho wa mwezi, na mara hii si ahadi ya hivi hivi. Mtoto amejifunza neno moja, nalo ni "hapana".

Uliniuliza mambo yalivyokuwa. Yalikuwa hivi.

Kule juu kiwandani, pale majani yanaponyaushwa, feni kubwa hazizimwi. Zinavuma sauti moja tu mchana kutwa. Omosa alikuwa akipanda huko mapumziko ya saa nne, akitoka kwenye boila, nami natoka kwenye mizani. Siku moja akaniambia, "Karani, sikia, hii mashine inatupa do." Na kweli ilikuwa do. Tukaanza hapo. Mimi nilileta maneno na soprano. Yeye hajui kuandika do-re-mi, hajawahi kujua. Aliimba chini ya sauti yangu hadi akapata mahali pake, na akishapata hakosei tena. Soprano niliyoileta mwanzoni haikuwa hii uliyonayo. Niliibadilisha mara tano nikiifuata teno yake. Besi niliandika mwisho. Kwa hiyo uliposema wimbo umejengwa juu ya teno, niliacha kusoma nikatoka nje.

Tulipokwenda kurekodi, jamaa wa studio akauliza mtunzi nani, ili aandike kwenye kaseti. Omosa alikuwa uani anazungumza na dereva. Nikasema jina langu. Sikupanga. Lilitoka tu, na likishatoka nikaona linakaa vizuri. Kaseti zilipofika, Omosa aligeuza moja mkononi akaniuliza, "Na mimi nimeenda wapi?" Nikamwambia nafasi ilikuwa ndogo. Akasema, "Sawa, karani." Hakulitaja tena, na aliendelea kuja juu saa nne, lakini hakuimba. Alikula tu.

Tangu hapo nikawa nagawa vikaratasi, kila sauti na chake, nikivikusanya, ili mtu asiuone wimbo mzima na kuniuliza maswali kama yako.

Uliandika kwamba kosa ni kungoja hamu irudi. Mjomba, sikungoja. Nilijaribu. Naandika mistari minne ya soprano, inaniangalia, nami naiangalia. Hakuna mtu wa kumpelekea saa nne. Huko juu feni bado zinavuma, na nimeanza kula chakula changu chini.

Wimbo huu hapa, sauti nne, karatasi moja. Nimeandika majina mawili, la Omosa kwanza. Fanyeni mtakavyo nayo. Nimemwandikia yeye pia kupitia kisiagi cha Nyamwange na kumwomba radhi kwa kaseti. Sikutegemea jibu. Tarehe 11 nitakuwa kazini.

Kipkurui


Litein,
13 Julai 1993

Mpwa wangu Kipkurui,

Mama yako amepona. Siku uliyokuja alikuwa amelala, lakini asubuhi aliniambia, "Mtoto wa Kericho alikuja," kama mtu aliyetembelewa na mkuu wa wilaya. Joan anakusalimu. Chai imerudi pande zote.

Nitakueleza ya Jumapili kwa utaratibu.

Karatasi mpya za ibada zilifika soko la Alhamisi, majina mawili. Sikujua kama zimetosha. Jumapili hadi saa tatu na nusu kanisa lilikuwa na watu wa huku peke yao, wamekaa upande wa kushoto kana kwamba upande wa kulia umepakwa rangi mbichi. Wazee walikuwa wameanza kutazama mlango kwa namna ya watu wanaotafuta sababu ya kuondoka. Kisha tukasikia miguu. Nyabate alikuwa mbele. Aliingia, akatazama viti vyote vitupu vya kulia, akaja kuketi kushoto, katikati ya mama wawili wa kwetu, akamwambia mmoja wao, "Sogea, mama, mimi sikai nafasi ya mtu mmoja." Yule mama akasogea. Akacheka, halafu akaona haya kwa kucheka. Baada ya hapo wengine wakaingia popote.

Kwaya ziliposimama niliwaona wanaume wanane wa upande wa pili wakijipanga kwenye teno. Hakuna aliyekuwa na karatasi. Mtu alikuwa amewafundisha kwa mdomo, na aliwafundisha vizuri. Wimbo ulipofika pale kwenye ubeti wa pili ambapo soprano inakaa juu na teno inapita chini yake, mzee wetu yule wa fimbo aliiweka fimbo sakafuni. Sitaongeza kitu hapo. Jana, siku ya soko, watu walikuwa bado wanauza saa kumi na moja.

Omosa alikuwepo. Hakuimba. Alisimama nje, karibu na dirisha la nyuma, na mkewe Yunia. Nilimfuata baadaye nikamshika mkono, nikamwomba radhi kwa sehemu yangu. Akasema haya yameisha. Nikamwuliza kama barua yako ilimfikia. Akasema ilifika, alisomewa na Yunia mara mbili.

"Ni barua nzuri," akasema. "Ina mambo yote isipokuwa moja."

Nikamwambia aniambie hilo moja. Nitaandika alivyosema, sitapunguza.

"Siku tuliyoondoka tulipakia vyombo kwenye trekta. Trekta ilipita mbele ya ofisi ya mizani, polepole, kwa sababu ya matope. Dirisha lilikuwa wazi. Nilimwona karani ameshika kalamu. Aliniona. Hakutoka nje. Mwalimu, mambo ya kaseti mimi nilishayaacha huko huko kiwandani. Sikuimba kwa sababu nilikuwa nangoja aniambie mwenyewe, basi. Lakini ile siku ya trekta, angetoka tu akasimama mlangoni."

Hukuniandikia hilo, Kipkurui. Uliniandikia kosa lililo rahisi kusema. Sikulaumu kwa hofu ya siku ile; mimi pia nilifunga mlango wangu, na wapo waliopita mbele yake. Lakini usidhani umemaliza.

Sikiliza, nikueleze jambo la mwisho, halafu nitaacha. Kuliandika jina la Omosa juu ya wimbo ni haki yake. Ulifanya vizuri, ila huo bado si ukarimu; umemrudishia tu kilicho chake. Ukarimu ni kumwachia mtu nafasi kabla hujajua ataijaza na nini, na hata kabla hujajua kama ataitaka. Hamu yako haikupotea ulipozidiwa na kazi wala ulipochoka. Ilipotea ulipoanza kuandika wimbo ambao hakuna mahali pa mtu mwingine kuingia. Hata wewe mwenyewe hukuweza kuingia humo.

Nilimwuliza Omosa kama ukija atakupokea. Hakusema ndiyo. Alisema Jumamosi kisiagi kinafungwa saa saba na baada ya hapo huwa yuko nyumbani, na akanionyesha kwa kidole njia ya kwenda kwake. Sijui atakupa kiti au atakusimamisha uani. Nenda hivyo hivyo, na kwanza umwambie habari za lile dirisha, kwa mdomo wako. Kisha umpe wimbo ambao haujakamilika. Usimpelekee uliomaliza.

Barua hii usinijibu. Chukua ile mistari minne ya soprano inayokutazama, iandikie alto na besi leo, na mstari wa teno uuache mtupu.

Mjomba wako,
Robert Kipkosgei